Msianze na sarufi, anzeni na sentensi

"Mtoto wa mwalimu aliyeanguka ni mgonjwa." Nani kaanguka, mtoto au mwalimu? Sentensi hii ilitukalisha mezani siku nzima tulipokuwa tukijenga hazina ya maarifa ya pamoja, yaani rekodi ambazo kompyuta inaweza kuulizwa, kwa lugha dhibiti ya Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa.

Katika lugha dhibiti unaandika kama kawaida, ila kwa maneno na miundo michache mliyokubaliana, ili kila sentensi ibebe maana moja ambayo kompyuta inaweza kuigeuza kuwa mantiki. Attempto, iliyoanza Chuo Kikuu cha Zurich mwaka 1995, ilifanya hivyo kwa Kiingereza, na kwa kanuni yake kishazi rejeshi (kama "aliyeanguka") huielezea nomino iliyo jirani. Tukaichukua kanuni hiyo nzima nzima. Ikatukwamisha. Mtoto na mwalimu wote ni ngeli ya A-WA, kwa hiyo wasomaji wetu waligawanyika. Lakini "kiti cha mwalimu kilichovunjika" hakina ubishi hata kidogo, ingawa jirani wa kishazi ni mwalimu. Ngeli imeshaamua. Basi pale ngeli zinapofanana tunavunja: "Mwalimu ana mtoto. Mtoto huyo alianguka. Mtoto huyo ni mgonjwa." Haina utamu masikioni, lakini haimpotezi mtu.

Kosa lililotugharimu zaidi ni kukifanya Kiingereza kuwa mama wa lugha nyingine. Tuliingiza "uncle" kama dhana moja. Kiswahili kikauliza: mjomba, baba mdogo au baba mkubwa? Habari hiyo haikuwemo tena, ikabidi turudie rekodi moja moja. Kiswahili nacho kina deni lake: "alizaliwa" haisemi kama ni mwanamke au mwanamume, na Kifaransa hakiandiki sentensi hiyo bila kujua. Kwa hiyo pasueni dhana kadiri inavyotaka lugha inayopambanua zaidi, hata kama nyingine zitaona mnajisumbua.

Grammatical Framework, lugha ya programu ya kuandikia sarufi iliyoanza mwaka 1998, inafaa sana hapa kwa sababu hutenganisha sarufi dhahania, yaani mti wa maana, na sarufi ya kila lugha. Hata hivyo, msiifungue siku ya kwanza. Waiteni wazawa wa kila lugha, kila mmoja aandike sentensi anazotaka hazina izijibu, kisha mwenzake azisome peke yake na aseme amezielewaje. Zile zilizoeleweka kwa namna mbili ziwekeni kando. Ndizo za kutungia kanuni.