Jibu: wadau watekelezaji na mifumo ya afya ya kidijitali

Ndugu, umeuliza mashirika yanayotekeleza miradi ya afya yasaidieje mifumo ya kitaifa. Kwa niliyoyaona hapa Kigoma, msaada mkubwa kuliko wote ni kuacha kuleta mfumo mwingine. Nimemkuta muuguzi katika zahanati moja ya mwambao wa Ziwa Tanganyika akimwandika mama mmoja mjamzito kwenye rejesta ya MTUHA (mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya), kisha akiingiza taarifa zilezile kwenye kishikwambi cha mradi, huku foleni ikimsubiri nje. Mradi ulipokwisha, kile kishikwambi kilibaki kabatini bila chaji, na takwimu zake hazikuwahi kuingia DHIS2, ambao ndio mfumo wa kidijitali wa takwimu za afya ambao Wizara ya Afya inautegemea.

Shirika likihitaji kiashiria cha ziada, yaani kipimo kingine cha kufuatilia, lizungumze mapema na wizara na TAMISEMI (ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa) ili kiongezwe kwenye mfumo uliopo, au programu yake iunganishwe nao, na data zitunzwe kwa kufuata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Fedha nazo ziende kwenye mambo yasiyopigiwa picha: umeme wa jua, bando la intaneti, matengenezo, na mafunzo ya ofisa TEHAMA wa halmashauri, kwa sababu yeye ndiye anayepigiwa simu GoTHOMIS, mfumo wa serikali wa kuendeshea shughuli za vituo vya afya, inapokwama, na ndiye atakayebaki mradi ukishaondoka. Makabidhiano ya mradi yaandikwe kwenye mkataba tangu siku ya kwanza, pamoja na bajeti yake.