Amua sura ya chapa yako kabla hujamwita mpiga picha

Wateja wengi wakishapata nembo hudhani chapa imekamilika. Bado. Nembo inahitaji picha, mwanga, mwandiko na rangi zinazosema kitu kimoja, na lazima awepo mtu mmoja wa kuviamua. Huyo ndiye mkurugenzi wa sanaa. Mwite mwanzoni, bajeti ikiwa bado haijaguswa.

Niliwahi kusimamia kazi ya pakiti za kahawa, Dar es Salaam. Mwenye mali alitaka Mlima Kilimanjaro na kikombe cheupe chenye povu la umbo la moyo. Nikamwomba twende dukani kwanza. Kwenye rafu, mlima ulikuwa umeshatumika hadi kwenye maji ya kunywa. Tukatoka, tukaenda kijiweni: birika la shaba juu ya mkaa, vikombe vidogo visivyo na mkono, kashata kwenye sinia. Rangi zetu zote zilikuwa pale. Nikaandika ukurasa mmoja: jua la saa kumi na moja jioni, mikono bila nyuso, hakuna maziwa, hakuna povu. Wapo wanaoona maagizo ya namna hii yanamfunga fundi. Mpiga picha wetu aliyafurahia, maana hakuwa na haja ya kubahatisha.

Siku ya picha mkurugenzi wa sanaa awepo, tena karibu na kamera. Sisi tulisimamisha kazi kwa ajili ya saa ya plastiki ya bluu kwenye mkono wa muuza kahawa. Alipoivua, shaba ya birika ndiyo ikabaki kuvuta jicho.

Tazama khanga. Maua hubadilika, rangi hubadilika, lakini pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (maneno yake) vinakaa palepale, na unaitambua ukiwa ng'ambo ya barabara. Chapa nayo inahitaji vitu viwili vitatu visivyoguswa. Vijaribu mahali pagumu: ukuta wa duka unaopakwa kwa brashi, stika ya bodaboda, picha ndogo ya WhatsApp. Kampuni ya simu ya Celtel ilipoitwa Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010, sura mpya ilibidi ifike hadi kwenye vibanda vya vocha.

Mwisho, kwenye mkataba andikeni nani ana kauli ya mwisho kuhusu sura ya kazi. Nimeona kamati ikijaza pakiti moja mlima, simba, mbuni na bendera, kwa kuwa kila mjumbe alikuwa na chake na hapakuwa na wa kukataa.