Mkono wa Mke Katika Tawafu

SWALI: Assalaam aleikum, Sheikh. Mimi ni Mshafii, nimesoma chuoni hapa Tanga. Mwezi ujao, Inshallah, nakwenda Umra pamoja na mke wangu. Mwenzangu aliyetangulia ameniambia kuwa msongamano wa tawafu, yaani kuizunguka Al-Kaaba, ambako kunataka udhu, hauepukiki, hivyo nitie nia ya kumfuata Imamu Abu Hanifa, ambaye kwake kumgusa mwanamke hakutengui udhu. Je, inafaa? Na nikirudi nyumbani, niendelee hivyo hivyo?

JIBU: Wa aleikum salaam. Mwenzako hakukosea, ila amekupa nusu ya maneno.

Sisi Mashafii tunayachukua maneno ya Qurani, "au mmewagusa wanawake" (An-Nisaa, aya ya 43), kwa dhahiri yake, yaani ngozi kukutana na ngozi, hata pasipo matamanio na hata kama mwanamke huyo ni mke. Maharimu, yaani jamaa wa karibu usioweza kuwaoa, hawamo, wala nywele na kucha. Mahanafi wanayafasiri kuwa ni kuingiliana, na miongoni mwa hoja zao ni hadithi ya Bibi Aisha, aliyekuwa amelala mbele ya Mtume (s.a.w.) naye akiswali, akawa anamgusa miguu ili aikunje apate kusujudu.

Kumfuata imamu mwingine katika suala moja kwa ajili ya haja kunafaa, na mahujaji wa Kishafii wamefanya hivyo tangu zamani. Lakini ukimfuata Abu Hanifa katika kutenguka kwa udhu, huna budi udhu wenyewe uwe sahihi kwake. Chuoni ulifundishwa kuwa kupaka maji nywele chache za utosini kunatosha; kwake ni lazima robo ya kichwa. Aliyepaka nywele tatu kisha akamshika mkewe hana udhu kwa Shafii, kwa kuwa amegusa, wala kwa Abu Hanifa, kwa kuwa hakupaka vya kutosha. Huo ndio talfiki, yaani kuchanganya madhehebu katika ibada moja hata isisihi kwa imamu yeyote, na ndiyo nusu aliyoisahau mwenzako. Tena, ukikanyagwa kidole damu ikachuruzika, udhu wa Kihanafi umekwisha, ingawa kwetu ungalipo. Basi tawadha kwa kupaka kichwa kizima, kama ilivyo sunna kwetu pia.

Kabla ya kutoka nje ya madhehebu, hata hivyo, tazama yaliyomo ndani. Imamu Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii, baada ya kutaja kauli yenye nguvu kwamba mguswaji hutenguka kama mgusaji, anaonyesha kuwa ipo kauli nyingine ya Shafii kwamba mguswaji hatenguki, na mwanamke anayesukumwa na umati akakugusa mkono amekufanya wewe kuwa mguswaji. Kwa hiyo mimi sioni shida kubwa kwa wageni. Shida ni mkeo, ambaye utamshika mkono mwenyewe ili asikupotee. Mshike juu ya mkono wa baibui lake, kwani kitambaa kikiwa kati hakuna kilichotenguka. Na udhu ukikutoka kwenye mzunguko wa nne, nenda katawadhe, urudi uendelee pale ulipoachia. Kwa kauli iliyo dhahiri zaidi huanzi upya.

Ama nyumbani, haja ile haipo. Bomba liko hatua chache kutoka kitandani, na mwenye kuokota rukhsa ya kila imamu kwa sababu tu ni nyepesi, wanavyuoni wamemkataza. Mkeo akikupa kikombe cha chai vidole vikagusana, tawadha tena.