Swichi ya Gen 6 na seva ya kizamani

Ndugu yangu wa Mtumba hapa Dodoma, unauliza kama Brocade G620 uliyouziwa (swichi ya kizazi cha sita, Gen 6, ya Fibre Channel, yaani mtandao wa kuunganisha seva na storeji ya data) itaongea na storeji ya gigabiti 8 kwa sekunde na ile seva yenye kadi ya mtandao huo ya gigabiti 4. Storeji sawa. Seva hapana, ukitumia moduli (kile kifaa kinachochomekwa kwenye poti ili kupokea waya) za gigabiti 32: hizo hushuka hadi 16, kisha 8, basi. Badilisha kadi.

Ila kwanza angalia leseni za poti, yaani ruhusa zinazofungua poti zitumike! Swichi ina poti 64, lakini ya msingi huja na 24 tu zilizofunguliwa. Mimi nilichomeka waya wa 25, taa kimya, nikahangaika na moduli asubuhi nzima, kumbe ni leseni.

Pawasaplai zipo mbili, zipe UPS (betri za akiba) tofauti. Na kwa vumbi letu hili la Dodoma, poti usizotumia ziache na vifuniko vyake.