Dada, hiyo barua ya kuacha kazi usiipeleke kwanza

Usiipeleke. Nimesoma uzi wako saa tano usiku usingizi ukakata. Yani umeandika we ni nesi, una miaka 31, mchumba kakuacha, mama anaumwa kijijini na wewe ndo unamtumia hela ya dawa, halafu mtumishi kakwambia mpango wa Mungu kwako uko mlango mwingine kwahiyo uache kazi kabla mwezi haujaisha ndo ufunguke, na unatuuliza utamtumaini Mungu vipi, mfungo wa siku 40 unaanzaje, na mchumba atarudi au harudi. Mimi niliambiwa maneno hayo hayo. Hata siku zilikuwa hizo hizo 40.

2019 nilikuwa mwalimu wa sekondari ya serikali huku Mbeya, mwaka wa saba kazini. Baba ametoka kufariki, daraja sijapandishwa, mkopo wa benki unakatwa kwenye mshahara mpaka kinachobaki hakifiki tarehe 15. Nikaanza kwenda maombi ya katikati ya wiki kwa mtumishi mmoja, simtaji. Siku hiyo akaniita mbele, akanishika kichwa, akasema naona umefungwa kamba ya Misri na kamba yenyewe ni huo mshahara, ikate, ndani ya siku 40 unaitwa kwenye kazi kubwa. Watu wote wakasema amina. Mimi nikalia, maana nilikuwa nimechoka na nilitamani sana iwe kweli.

Wiki ile ile nikaandika barua ya saa 24, nikalipa mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi, hela nimeichukua kwenye kikoba cha mke wangu bila kumwambia ya nini. Iliyobaki laki nane nikaipanda mbegu, yani nikaitoa sadaka kwa yule mtumishi. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi sita. Asubuhi naaga kama naenda shule, kumbe naenda kushinda kanisani, na mwezi ulipoisha nikamdanganya mshahara umechelewa kuna uhakiki. Siku ya 40 nilikaa pale tangu asubuhi simu iko mkononi. Iliita mara moja tu, walikuwa benki wanauliza makato mbona hayaingii.

Sasa kitu ambacho sikukiwaza hata kidogo ni bima. Ile kadi ya NHIF, bima ya afya ya taifa, ya mtumishi wa umma inatembea na mshahara, asilimia 3 unakatwa wewe na 3 anaweka mwajiri, michango ikikoma na kadi imekufa. Siku ya uchungu mtoto amekaa vibaya, daktari kasema operesheni, naenda dirishani dada wa pale anaingiza namba mara ya kwanza, mara ya pili, ananiambia kaka hii kadi haisomi. Mke wangu yuko kwenye kiti cha magurudumu nyuma yangu, amesikia, akaniuliza kwanini haisomi. Nilimwambia pale pale, mbele za watu, na yeye yuko kwenye uchungu. Ile sura yake sijaisahau na sidhani kama nitaisahau.

Operesheni waliifanya, Mungu awabariki, mtoto mzima mama mzima, ila bili ilikuwa inanisubiri. Nikaingia kwenye mikopo ya kausha damu, nilichukua laki tano na mpaka naimaliza nilikuwa nimelipa zaidi ya mara mbili yake. Nikakimbilia fao la kukosa ajira, nikaelezwa hilo ni la aliyeachishwa, aliyeandika barua mwenyewe halimhusu. Dada, na wewe litakukuta hilo hilo, na dawa za mama atanunua nani?

Nilipomfuata yule mtumishi akaniambia imani yangu ilikuwa na ufa, na ufa wenyewe ni mke wangu. Mke wangu! Mwanamke ana nyuzi tumboni! Hapo nilikasirika na mpaka leo sijapoa. Mtu deni lako halijui, mama yako hamjui anatumia dawa gani, anakupangia tarehe, tarehe ikipita kosa ni lako na mbegu hairudi.

Na mstari alionipa mimi ndo huo umeuandika wewe, Yeremia 29:11, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Nilikuja kuusoma vizuri mwenyewe usiku nikiwa nalea, kuanzia juu. Ile ni barua kwa watu waliochukuliwa utumwani Babeli, na kabla ya huo mstari wa 11 Mungu anawaambia jengeni nyumba mkae, pandeni bustani, oeni mzae, uombeeni amani mji mliopo. Mstari wa 8 unawaonya juu ya manabii wao wenyewe. Mstari wa 10 unasema miaka 70! Maana yake wengi walioisikia ile barua walizikwa huko huko Babeli, na bado Mungu aliwaita watu wenye tumaini. Rudi sura ya 28 umuone Hanania, yeye aliwaambia miaka miwili tu mambo yameisha, na watu bila shaka walimpenda kuliko Yeremia. Alikufa mwaka ule ule. Mimi nilipewa mstari wa Yeremia na mtu anayehubiri kama Hanania.

Kwahiyo ninachokuomba ni kimoja. Kilichoko mkononi usikiachie kwa sababu ya tarehe ya mtu. Mlango mwingine ukiwepo utapata barua ya ajira mpya kwanza, ndo uandike ya kuacha ya zamani. Najua kuna watakaokuja hapa na Petro kuacha nyavu, karibuni, ila Petro aliitwa na Yesu mwenyewe na hakuahidiwa mshahara ndani ya siku 40. Na Paulo pamoja na upako wote alishona mahema Korintho, Matendo 18.

Mimi bado namtumaini Mungu, tena kuliko zamani, nafundisha shule binafsi kwa mshahara mdogo kuliko ule na naomba kila siku kabla ya kutoka.

Umesema zamu yako ni kesho asubuhi. Nenda kazini. Halafu uje uniambie hapa, hiyo barua bado unayo au umeshaipeleka?