Sifongo wa Palau na uvimbe wa viungo

Umetajiwa unga wa jongoo bahari kwa ajili ya magoti, ukauliza kama kweli wanyama wa baharini wana kemikali zinazotuliza uvimbe, au ni maneno ya wauza dawa tu. Ni kweli, na mfano ninaoupenda ni manoalaidi, kemikali iliyotolewa kwenye sifongo, mnyama wa baharini, aina ya Luffariella variabilis wa visiwa vya Palau katika Bahari ya Pasifiki na kutangazwa na watafiti mwaka 1980. Sehemu ya mwili inapoumia, kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kemikali mwilini) kiitwacho fosfolipasi A2 hukata mafuta ya utando wa seli na kuachia asidi ya arakidoni, ambayo ndiyo malighafi ya prostaglandini, zile kemikali za mwili zinazoleta wekundu, joto na maumivu. Aspirini huzuia hatua inayofuata, lakini manoalaidi hukishika kimeng'enya chenyewe, na ikishakishika haikiachii. Ilijaribiwa hata kwa wagonjwa wa soriasisi, ugonjwa wa ngozi, ila haikufika madukani. Pseudopterosini, kemikali nyingine za kutuliza uvimbe, za matumbawe laini ya Bahamas zilibahatika zaidi, kwani ziliingia kwenye krimu za ngozi, yaani vipodozi, si dawa. Ama huo unga wa jongoo bahari, ni mchanganyiko wa vitu vingi visivyopimwa, kwa hiyo usiuache ukachukua nafasi ya dawa ulizoandikiwa.