Mkuu, hiyo tafsiri ifungie kabatini

Mkuu, nimekurupuka kujibu hata sijamaliza maswali yako yote. Umesoma Kigiriki cha Agano Jipya seminari, umepata nafasi Uingereza kusoma nathari ya Kigiriki cha kale, Thucydides, yule mwanahistoria wa Athene, yumo kwenye mtihani, na mpango wako ni kusoma tafsiri ya Kiingereza kwanza "ili nipate picha, Kigiriki kitajileta chenyewe." Hakitajileta. Anayekuambia hivi alishalipia.

Mimi nilinunua vile vitabu vya Loeb vya jalada la kijani, Kigiriki ukurasa wa kushoto, Kiingereza kulia. Jicho langu likahamia kulia na kupanga huko kabisa. Aliyenipoteza ni kaka mmoja wa mwaka wa juu, Mtanzania mwenzetu, mwenye sauti ya kujiamini kuliko mhubiri. Akanipa faili la tafsiri: "Dogo, maswali yanatoka humuhumu. Kariri maneno matatu ya mwanzo ya kila kifungu, yakitokea unamwaga Kiingereza." Nikamwona nabii. Baadaye ndipo najua kwamba yeye Kigiriki alikiacha muhula wa pili akahamia akiolojia! Alikuwa ananifundisha kuogelea amekaa kwenye kochi. Popote ulipo kaka, sijakusamehe.

Siku ya mtihani kikaja kitabu cha 3, sura ya 82, pale Thucydides anapoeleza Wagiriki wa kisiwa cha Corcyra walivyochinjana wenyewe kwa wenyewe mwaka 427 KK, mpaka ujasiri usio na akili ukaitwa ushujaa na tahadhari ikaitwa uoga. Nikayaona maneno yangu matatu. Nikatabasamu hadi msimamizi akanitazama, kisha nikamwaga. Kumbe kifungu cha kwenye karatasi kilikomea njiani na mimi sina breki: nikatafsiri sentensi nzima ambazo hazikuchapwa pale. Mfikirie msahihishaji, anasoma Kiingereza safi cha maneno ambayo hakuuliza.

Karatasi ya pili ilikuwa kifungu tusichowahi kukisoma darasani, cha Demosthenes, mtoa hotuba wa Athene. Nilichotambua ni "Enyi watu wa Athene", basi. Niliandika hayo kwa mwandiko mzuri sana, kwa heshima ya Waathene. Mwaka nikaurudia, mfadhili akasema wa kurudia haumhusu, na ada yake ilitoka kwenye masufuria niliyoosha mgahawani usiku. Ndiyo maana ukinikaribisha kwako leo sigusi vyombo.

Na huo uhakika wako kwamba "Kigiriki ninacho tayari". Unacho, sikatai. Lakini Marko anakupa tukio, halafu "na", halafu tukio jingine. Thucydides anakupakia partisipi (kitenzi kinachokaa kama kivumishi) tatu na nomino dhahania mbili kabla hujajua nani kafanya nini. Ile optativi, umbo la kitenzi la matakwa na mambo ya kudhania, uliyozoea kuiona kwa nadra kwa Paulo, huku iko kila kona. Dionysius wa Halicarnassus, Mgiriki wa karne ya 1 KK, alishalalamika kwamba wanaomwelewa Thucydides mwanzo hadi mwisho ni wachache, na hata hao kuna mahali hawapiti bila maelezo ya sarufi. Huyo kainyonya lugha kwa mama yake. Sisi wa seminari tuseme nini?

Shika moja tu: Kigiriki kwanza, tafsiri mwisho, na katikati iwepo karatasi uliyoandika wewe. Tafuta kitenzi kikuu, uliza nani anatenda, ndipo uzitundike partisipi. Andika kwa Kiswahili, usione haya. -Ki- yetu inabeba partisipi nyingi bila jasho. Ukikwama weka alama ya kuuliza, songa mbele. Ukimaliza aya, ndipo ufungue tafsiri, na kila mlipotofautiana nenda kwenye kitabu cha sarufi ya Kigiriki cha Smyth mpaka ujue kwa nini. Tovuti ya Perseus inayokuchambulia neno ukilibonyeza itumie kwa neno lililokushinda. Ukibonyeza kila neno umerudi ukurasa wa kulia kwa mlango wa nyuma.

Tena usianze na Thucydides. Anza na hotuba ya kwanza ya Lysias, aliyeandikia watu hotuba za mahakamani Athene: Euphiletus yuko mahakamani kwa kumuua Eratosthenes, aliyemfumania na mkewe. Mlango unalia usiku, mke ana poda usoni na kaka yake hajatimiza siku 30 tangu afe, kijakazi anabanwa mpaka anasema, majirani wanaingia na mienge waliyoichukua dukani. Umbea mtupu, kwa Kigiriki cha Athene kilichonyooka. Utataka kujua kilichofuata na mkono utakuwasha kufungua kabati, kwa hiyo ufunguo mpe mwenye nyumba.

Nadhani uliuliza na kamusi na malazi, wadau watakujibu. Wewe leta hapa aya ya kwanza ya Lysias uliyoitafsiri mwenyewe, na makosa yake yote. Ikija safi mno nitajua umechungulia.